Nta ya Soya: Jina Lake, Matumizi Yake na Yampasayo Mlaji Kuyajua

Katika maduka ya zawadi, saluni na maduka ya vipodozi ya miji yetu, mishumaa iliyomiminwa ndani ya glasi na kutiwa manukato ya vanila, mchaichai au waridi imekuwa bidhaa ya kawaida. Juu ya lebo zake huandikwa "nta ya soya", na mara nyingi maneno hayo hufuatwa na mengine: "asilia", "salama", "haitoi moshi". Bei yake huwa ya juu kuliko ile ya mshumaa mweupe wa dukani. Mlaji anayelipa tofauti hiyo ana haki ya kujua analipia nini. Makala haya yanaeleza nta ya soya ni kitu gani, viwanda huitumiaje, na ni madai gani juu yake yanayofaa kuaminiwa.

Nta ya soya ni nini?

Punje ya soya ina mafuta yapatayo moja ya tano ya uzito wake. Mafuta hayo hukamuliwa au kutolewa kwa kimumunyishi, kisha husafishwa. Yakiwa katika hali hiyo ni kimiminika, kama tuyaonavyo katika chupa za mafuta ya kupikia. Ili yagande, kiwanda huyapasha moto na kuyapitishia gesi ya haidrojeni, huku chembe za madini ya nikeli zikitumika kama kichocheo. Haidrojeni hujishika kwenye molekuli za mafuta, na mafuta yaliyokuwa yakitiririka huwa magumu. Njia hii ya kugandisha mafuta ilipewa hataza nchini Ujerumani mwaka 1902 kwa jina la Wilhelm Normann. Ilitumika kwanza kutengeneza sabuni na mafuta magumu ya kupikia. Mshumaa wa soya ulikuja baadaye sana: ulianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1990.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kwa kipimo cha kemia, nta ya soya ni shahamu iliyogandishwa, ndugu wa karibu wa mafuta magumu ya kupikia. Parafini, ambayo ndiyo nta ya mishumaa mingi ya bei nafuu, hutokana na mafuta ya petroli. Nta ya nyuki nayo ni kitu cha tatu, chenye umbile lake. Sifa nyingi za nta ya soya, nzuri na mbaya, zinatokana na asili hiyo ya ushahamu.

Aidha, jina hili halitaji bidhaa moja. Kadiri mafuta yanavyopewa haidrojeni zaidi, ndivyo nta inavyozidi kuwa ngumu na kuhitaji joto kubwa zaidi ili iyeyuke. Nta laini ya kumimina ndani ya glasi huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 50 za Selsiasi. Mafuta ya soya yaliyogandishwa kikamilifu huhitaji zaidi ya nyuzi 60. Kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kununua "nta ya soya" kutoka kwa wauzaji wawili na kupata bidhaa mbili zisizofanana.

Viwanda huitumiaje?

Matumizi yanayofahamika zaidi ni mishumaa ya ndani ya glasi au kopo. Nta laini ya soya hushikamana vyema na ukuta wa chombo na huyeyuka bila kuhitaji joto kubwa. Kwa mshumaa unaosimama wenyewe, nta hiyo laini haifai. Hulegea na kupinda. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huichanganya na nta ya mawese, ya nazi, ya nyuki au parafini. Kuchanganya si kosa. Kosa ni kuchanganya na kutosema.

Katika vipodozi, mafuta ya soya yaliyogandishwa hutumika kuipa uzito mafuta ya midomo, losheni na krimu. Katika viwanda vya dawa, mafuta ya mimea yaliyogandishwa husagwa kuwa unga na kutumika kwa kiasi kidogo sana, ili tembe zisinate kwenye mashine inayozishindilia. Katika vifungashio, nta za aina hii hupakwa juu ya karatasi na maboksi ili yasipenywe na maji, mahali pa parafini. Zipo pia kalamu za rangi za watoto zilizotengenezwa kwa mafuta ya soya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walizibuni katika miaka ya 1990.

Kwa mafundi wetu wa batiki, nta hii ina faida na tahadhari yake. Faida ni kwamba hutoka kwenye kitambaa kwa maji ya moto na sabuni, ilhali parafini huhitaji kuchemshwa kwa muda mrefu. Tahadhari ni kwamba kostiki soda, itumikayo katika baadhi ya rangi za batiki, huweza kuibadili shahamu kuwa sabuni. Nta ya soya ikilowekwa ndani ya rangi ya namna hiyo inaweza kuachia kabla ya wakati, na rangi ikapenya pasipotakiwa. Fundi anayebadilisha nta na ajaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha kitambaa kabla ya kuhatarisha jora zima.

Madai yanayohitaji kuchujwa

"Haitoi moshi." Hakuna mshumaa uwakao usiotoa chochote. Kila nta inayoungua hutoa hewa ya ukaa na mvuke wa maji, na hutoa masizi pale moto usipopata hewa ya kutosha au utambi unapokuwa mrefu. Mshumaa wa soya wenye utambi mbaya hutoa masizi, na wa parafini uliotengenezwa vizuri huweza kutoa machache. Urefu wa utambi, upepo wa chumbani na wingi wa manukato vina uzito mkubwa katika jambo hili.

"Ni asilia kwa asilimia mia." Soya ni mmea, lakini nta yake imepitia kiwandani. Tena, manukato na rangi zilizomo huenda zikawa za kutengenezwa maabara. Neno "asilia" halikuelezi lolote juu ya vitu hivyo.

"Ni salama kwa sababu huyeyuka kwa joto dogo." Joto dogo la kuyeyukia halipunguzi ukali wa mwali. Mwali wa mshumaa wa soya huchoma chandarua sawa na mwali mwingine wowote, na nta iliyoyeyuka huunguza ngozi.

"Hulinda mazingira." Soya hulimwa upya kila msimu, na petroli haioti. Hata hivyo, soya nyingi duniani hutoka Brazili, Marekani na Ajentina, na kupanuka kwa mashamba ya soya kumehusishwa na ukataji wa misitu Amerika ya Kusini. Soya hulimwa pia Ruvuma, Iringa na Mbeya, ila hilo peke yake halithibitishi kwamba nta iliyo mkononi mwako imetoka huko. Muulize muuzaji chanzo chake.

Kabla ya kununua

Kwanza, soma lebo yote. "Nta ya soya kwa asilimia 100" na "mchanganyiko wa nta ya soya" si maneno yenye maana moja. Lebo ikisema mchanganyiko, uliza kiasi cha soya na jina la nta nyingine.

Pili, tazama uzito halisi wa nta, si ukubwa wa chombo. Glasi yenye kitako kinene huonekana imebeba nyingi. Kadhalika, mililita si gramu: nta ni nyepesi kuliko maji, hivyo chombo cha mililita 250 kilichojazwa hubeba gramu zipatazo 225 tu. Gawanya bei kwa gramu ndipo ulinganishe. Kwa mfano, mshumaa wa gramu 200 unaouzwa shilingi 20,000 unagharimu shilingi 100 kwa gramu. Wa gramu 320 kwa shilingi 24,000 unagharimu shilingi 75. Ulioonekana rahisi ndio ghali.

Tatu, chunguza utambi. Uwe wa pamba, karatasi au mti, na uwe umesimama katikati. Ukiwa na uzi wa madini ndani yake, uliza ni madini gani. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye risasi mwaka 2003, kwa kuwa risasi hutoka na moshi na kuwadhuru hasa watoto wadogo.

Nne, usiikatae bidhaa kwa sababu ya madoa meupe kama ukungu juu ya nta. Hizo ni chembe za shahamu iliyoganda upya, na hazina madhara. Bali nta iliyolegea au kutoa jasho la mafuta huenda ilihifadhiwa mahali pa joto. Kwa wakazi wa Pwani tahadhari hii ni muhimu zaidi: mshumaa usiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Huenda ukaambiwa kwamba nta ya soya hutambuliwa kwa kuipapasa au kuiosha kwa sabuni. Majaribio hayo hudokeza tu. Hayawezi kuonyesha kiasi cha parafini kilichochanganywa. Hilo huthibitishwa maabara. Kwa sababu hiyo, ukweli wa lebo ndio ngao ya kwanza ya mlaji.

Matumizi nyumbani

Punguza utambi ubakie milimita 5 hivi kila kabla ya kuwasha. Mara ya kwanza, uache uwake hadi nta iyeyuke kufika ukingoni mwa chombo, la sivyo utachimba shimo katikati na nta ya pembeni itapotea bure. Weka mshumaa juu ya kitu kisichoungua, mbali na chandarua, pazia, karatasi na mkono wa mtoto. Usilale wala usitoke chumbani ukiuacha unawaka. Nta ikibakia kimo cha sentimita moja, uzime. Chombo kikipata moto mtupu huweza kupasuka.

Nta ikishika moto, usimwagie maji kamwe, kwani maji huirusha nta na kuutawanya moto. Funika kwa kifuniko cha chuma au sufuria, au mwagia mchanga mkavu. Aliyeunguzwa na nta apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya iwapo jeraha ni kubwa. Wala mtu asitumie nta ya mshumaa chakulani au midomoni kwa kuwa "ni soya": nta hiyo imetiwa manukato na rangi zisizokusudiwa kuliwa.

Ukiona umedanganywa

Dai risiti na uitunze pamoja na lebo na mabaki ya bidhaa. Mrudie muuzaji kwanza, ueleze kasoro na unachotaka: kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha au kudanganya, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Kuhusu uzito uliopunguzwa, wasiliana na Wakala wa Vipimo; kuhusu ubora na usalama wa bidhaa, vikiwemo vipodozi, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa wajasiriamali wanaotengeneza mishumaa hii, ushauri ni mfupi: andikeni aina ya nta na kiasi chake, uzito halisi, aina ya utambi, na jina la mtengenezaji. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli kuhusu mchanganyiko hurudi kununua tena. Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani.