Viungo Vilivyolegea: Kuufahamu Ugonjwa wa Ehlers-Danlos

Tishu unganishi ni nyuzinyuzi za mwilini ambazo kazi yake ni kushikanisha, kuegemeza na kuzipa umbo ogani nyingine zote, nazo zimo katika ngozi, kano, gegedu, ufizi, utumbo, kuta za mishipa ya damu na hata katika jicho. Nyuzi hizo hutengenezwa hasa na kolajeni, ambayo peke yake ni takriban asilimia 30 ya protini zote za mwili wa binadamu, na maelekezo ya kuitengeneza yamo katika jeni, yaani vipande vya urithi ambavyo kila mtu huvipokea kutoka kwa baba na mama. Jeni inayohusika ikiwa na hitilafu, kolajeni hutoka dhaifu au pungufu, na udhaifu huo hujitokeza popote penye tishu hiyo. Mwili wa namna hii ni kama kitanda cha kamba ambacho matendegu yake ni mazima lakini kamba zake zimelegea: anayekitazama haoni kasoro, bali anayekilalia ndiye anayejua.

Miongoni mwa maradhi ya tishu unganishi, kundi linaloonyesha jambo hili waziwazi ni Ehlers-Danlos, lililopewa majina ya madaktari wawili wa ngozi, Edvard Ehlers wa Denmark, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1901, na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, aliyeongeza maelezo yake mwaka 1908. Uainishaji wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 uliligawa kundi hilo katika aina 13, na inakadiriwa kwamba kwa jumla humpata mtu 1 kati ya 5,000. Aina inayoonekana zaidi ni ile ya viungo vinavyonyumbuka kupita kiasi, ambayo wengi wanaogunduliwa kuwa nayo ni wanawake.

Anayeishi na aina hiyo huweza kuteguka bega anapovaa gauni au anaponyoosha mkono kuteremsha sufuria, na kifundo cha mguu humgeuka akitembea njia tambarare. Ngozi yake ni laini na huvilia damu kwa kugongwa kidogo, jeraha huchelewa kupona, na wapo ambao sindano ya ganzi ya daktari wa meno huwaishia nguvu kabla jino halijang'olewa. Juu ya hayo huja uchovu usiotibiwa na usingizi, tumbo lisilotulia, na kizunguzungu kinachoandamana na mapigo ya moyo ya kasi kila anaposimama. Kwa kuwa leo yanauma magoti na kesho mgongo, na kwa kuwa asubuhi mtu alionekana mzima, jamaa na waajiri huanza kumdhania uvivu, na wengine husema amerogwa.

Hospitalini nako jibu halipatikani kwa urahisi, na sababu yake ni ya kitabibu. Mgonjwa anayelalamikia viungo hupimwa damu ili kuona kama ana baridi yabisi, selimundu au maambukizi, kisha hupigwa picha ya eksirei kutafuta mfupa uliovunjika. Vipimo hivyo hutafuta uvimbe wa ndani, chembe za damu zenye kasoro, vijidudu au ufa, ilhali tatizo lake ni ulegevu wa nyuzi ambazo eksirei haizionyeshi na kipimo cha kawaida cha damu hakizigusi. Majibu hurudi safi, naye huambiwa kwamba hana ugonjwa au kwamba ni msongo wa mawazo, ingawa kipimo safi kimethibitisha tu kwamba kile kilichotafutwa hakipo. Aidha, daktari wa mifupa huliangalia bega, wa tumbo hulichunguza tumbo, wa moyo huyasikiliza mapigo, na kila mmoja huandika cheti chake pasipo mtu wa kuvisoma vyote kwa pamoja. Hata Ulaya, kwenye wataalamu wengi, uchunguzi wa shirika la EURORDIS uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa Ehlers-Danlos walioulizwa walingoja miaka 14 au zaidi tangu dalili za kwanza hadi ugonjwa wao ulipotambuliwa.

Hata hivyo, hatua ya kwanza ya utambuzi haihitaji mashine. Mwaka 1973 Peter Beighton na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu unyumbufu wa viungo miongoni mwa Watswana wa vijijini Afrika Kusini, na kipimo kilichotokana na kazi hiyo, chenye alama 9, hutumika leo duniani kote. Mgonjwa huombwa kukunja kidole cha mwisho kuelekea nyuma hadi nyuzi zaidi ya 90, kukilaza kidole gumba juu ya kigasha, na kunyoosha kiwiko na goti ili ionekane kama vinapinda kinyume; kila upande hupewa alama 1. Alama ya 9 hutolewa kwa anayeweza kuinama na kuweka viganja sakafuni bila kukunja magoti. Kuanzia balehe hadi umri wa miaka 50, alama 5 au zaidi huashiria ulegevu wa viungo. Alama hizo peke yake si ugonjwa, kwani wapo wachezaji na watoto wengi wanaonyumbuka wasiumwe chochote, kwa hiyo daktari huzipima pamoja na hali ya ngozi, makovu, historia ya kuteguka na habari za ukoo.

Habari za ukoo zina uzito wa pekee, kwa sababu katika aina zinazoonekana zaidi mzazi mwenye ugonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto. Mficha maradhi kilio humfichua, na familia inayonyamaza kuhusu ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana humnyima daktari fununu ambayo ingeokoa maisha. Ipo aina ya mishipa ya damu, inayosababishwa na hitilafu katika jeni ya COL3A1, ambayo huweza kupasua ateri, utumbo au mfuko wa uzazi bila onyo. Hii hugunduliwa kwa kuchunguza jeni katika sampuli ya damu. Aina ya viungo vinavyonyumbuka, kinyume chake, bado haijapatiwa jeni yake, hivyo hutambuliwa kwa macho, mikono na masikio ya daktari.

Dawa ya kuyaponya maradhi haya haijapatikana, lakini mengi yanaweza kufanywa. Mazoezi ya taratibu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia huimarisha misuli ili isaidie kazi ambayo kano zimeshindwa, mradi mgonjwa asijinyooshe hadi mwisho wa kiungo wala asiwatumbuize watu kwa kujipinda. Inafaa aandike tarehe ya kila mteguko, ahifadhi vyeti vyote katika jalada moja na kumwomba daktari mmoja avisome vyote. Ugonjwa ukishapewa jina, mpasuaji hujua kuacha nyuzi za mshono kwa muda mrefu zaidi, mkunga hujiandaa kwa uzazi wenye hatari, mwalimu humwelewa mtoto asiyeweza kuandika kurasa nyingi, na mgonjwa mwenyewe huondokewa na shutuma ya kujisingizia. Kwa hiyo ni haki yake kuendelea kuuliza, na ni wajibu wa mganga kuendelea kutafuta.