Vumbi la kaboni: Namna dhahabu inavyopotea na namna ya kuipima

Katika uchenjuaji wa dhahabu, si kila hasara inatokana na wizi. Ipo dhahabu inayokwenda na vumbi jeusi hadi kwenye bwawa la marudio, na mara nyingi hakuna anayeiona.

Migodi mikubwa, kama ule wa Geita nchini Tanzania, huyeyusha dhahabu kwa sianidi, kisha huinasa kwa chembe za kaboni, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa vifuu vya nazi. Vifuu hupendwa kwa sababu kaboni yake ni ngumu. Hata hivyo, ndani ya matangi chembe hizo husuguana na mwamba uliosagwa, mapanga ya kukorogea, pampu na machujio. Kona zake humeguka, na vumbi hupenya matundu ya chujio likiwa na dhahabu yake.

Tuseme kilo moja ya kaboni imebeba gramu 2 za dhahabu. Kilo 10 za vumbi zikipotea, zimeondoka na gramu 20.

Je, kaboni inayomeguka haraka hutambuliwaje kabla ya kununuliwa? Kipimo cha zamani ni cha goroli. Kaboni iliyochekechwa hupimwa uzito, huwekwa kwenye sinia pamoja na goroli 30 za chuma za saizi mbili, na kutikiswa kwa dakika 30. Kisha huchekechwa tena. Zikiingia gramu 50 na kubaki gramu 48.5 juu ya chekeche, ugumu wake ni 97.

Tatizo ni kwamba goroli hugonga, ilhali kwenye tangi kaboni husuguliwa ikiwa imelowa. Kwa hiyo maabara nyingine huizungusha kwenye maji au matope ya mwamba kwa saa kadhaa, huiosha juu ya chekeche, huikausha na kuipima upya. Hapa kukausha ndiko kunakoharibu hesabu za wengi: kaboni hunyonya unyevu hata wa hewani, na gramu chache za maji zinaweza kuficha vumbi lote lililopotea. Lazima ikaushwe kwenye oveni kabla na baada.

Kaboni mpya nayo huoshwa na kukorogwa kwenye maji kabla ya kutumika, ili kona dhaifu zimeguke zikiwa bado hazijabeba kitu. Vumbi la kaboni iliyokwisha kutumika, hata lile la chini ya gunia, halitupwi. Hukusanywa na kuchomwa, na dhahabu hutolewa kwenye majivu.