Kodi tatu bado hazijaisha

Nyimba nyingi zinazopigwa kwa gitaa kutoka Suneka hadi Nyansiongo zimesimama juu ya kodi tatu. Sikiliza benga ya Kigusii redioni, sikiliza gitaa kavu harusini Keroka, kisha uisikilize kwaya ya kanisa Jumamosi asubuhi: chini ya sauti zote hizo zimo kodi zilezile tatu zikipokezana. Vijana wanaojifunza gitaa huligundua jambo hili mapema, na ombi lao huwa moja. Mwalimu, hizi tatu nimezishika, sasa nipe nyingine. Wanazitaka za jazz, zenye majina marefu. Mimi hukataa kwanza, wala sikatai kwa uchoyo. Anayezijua kodi tatu kwa umbo moja, kwa mpangilio mmoja, tena kwa wakati uleule kila ubeti, kuna mengi ndani ya kodi hizo ambayo bado hajayagusa, na mengi ya hayo hayahitaji kidole kigeni hata kimoja.

Tuanze na kodi yenyewe. Ni noti tatu zinazolia pamoja, nazo huchaguliwa kwa kuruka: shika moja, ruka inayofuata, shika nyingine, ruka tena, shika ya tatu. Ukianzia do unapata do, mi, so. Ukianzia fa unapata fa, la, do. Ukianzia so unapata so, ti, re. Kwenye ufunguo wa C hizo ni C, F na G. Kwenye ufunguo wa G ni G, C na D. Herufi hubadilika, uhusiano haubadiliki, ndiyo maana napenda kufundisha kwa solfa. Mwimbaji akilalamika kwamba wimbo umempanda, mpiga gitaa anayefikiri kwa do, fa na so huhama mara moja. Aliyekariri herufi inabidi aanze kuhesabu upya.

Sasa ziandike hizo noti tisa kwenye karatasi na uondoe zinazojirudia. Zinabaki saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Skeli nzima imo. Kila noti ambayo wimbo wa kawaida unaweza kukanyaga tayari ina kodi ya kuibeba miongoni mwa zile tatu, na hii ndiyo sababu kubwa ya kodi hizi kuenea karibu kila mahali gitaa lilikofika. Tazama tena zinavyogusana. Kodi ya do na ya fa zinashiriki do. Ya do na ya so zinashiriki so. Ya fa na ya so hazishiriki kitu. Ukitoka fa kwenda so, kila sauti inahama, hakuna inayobaki mahali pake, na sikio huhisi limesafiri. Watunzi wengi huziweka hizo mbili bega kwa bega kabla tu ya kurudi do, ili kurudi kuwe na uzito.

Katika Kisii na Nyamira hili ni rahisi kulifundisha, kwa sababu watu wengi wanalijua tayari pasipo kujua kwamba wanalijua. Waadventista Wasabato ni wengi katika kaunti hizi mbili, na kuimba kwa sauti nne, yaani soprano, alto, tena na besi, ni jambo ambalo mtoto hulisikia kabla hajajifunza kusoma. Aliyeimba besi kwa kitabu cha Nyimba za Kristo ameshazipiga kodi kwa koo lake miaka mingi. Ukitaka kujua kodi za wimbo wa kanisa, mwambie huyo mwimba besi aimbe mstari wake polepole, ufuate noti anazokanyaga. Akiwa kwenye do, jaribu kodi ya do. Akishuka so, jaribu kodi ya so. Mara nyingi utakuwa umepata.

Mahali anapokupotosha ndipo penye mafunzo matamu zaidi. Besi akiimba ti, usitafute kodi ya ti. Karibu kila mara ni kodi ya so ambayo ti yake imewekwa chini. Akiimba mi, mara nyingi ni kodi ya do iliyokalia mi. Akiimba la, huenda ni kodi ya fa yenye la chini, au huenda ni kodi ya la yenyewe, ambayo ni la, do, mi. Hapo wasikilize wenzake: wakiwa na fa, ni ya kwanza, wakiwa na mi, ni ya pili. Wanakwaya wamekuwa wakizibadilisha kodi hizi tatu namna hiyo tangu zamani. Mpiga gitaa peke yake ndiye huzifunga kwenye umbo moja, kwa kuwa picha aliyojifunzia ilimwonyesha umbo moja.

Basi lipeleke funzo la besi kwenye gitaa. Shika C, kidole chako kikiwa freti ya tatu ya uzi wa tano. Nenda G, lakini usiigonge besi yake ya kawaida: weka kidole freti ya pili ya uzi huohuo wa tano, upate ti. Kisha uache uzi wa tano wazi, ulie la, huku vidole vingine vikishika F. Malizia na freti ya tatu ya uzi wa sita, ambayo ni so, na kodi ya G. Besi imeteremka ngazi kwa ngazi, do, ti, la, so, na kodi ulizotumia ni zilezile za jana. Mpigie mtu asiyejua gitaa kwa njia ya kawaida, halafu kwa njia hii, na uangalie uso wake.

Dole gumba ndilo linalofanya kazi hiyo, na katika magharibi ya Kenya dole gumba lina historia. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi leo, akipiga wimbo wake Masanga kwa vidole viwili: gumba likibeba besi, cha shahada kikibeba wimbo. Rekodi za Mwenda zilifika Kenya, na hatimaye yeye mwenyewe alifika. Kwa Waluhya upigaji wa vidole ulishika mizizi na kuwa omutibo, mtindo wa George Mukabi, gitaa likisindikizwa na chupa ya Fanta yenye mikunjo inayokwaruzwa. Kisha Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery wakaonyesha magitaa kavu yanavyoweza kugawana kazi. Upande wa Wajaluo gitaa la umeme likachukua mwendo wa kinubi chao, nyatiti, na kuzaa benga, na benga hiyo ikavuka mipaka hadi kwa Abagusii, ambako Christopher Monyoncho aliipa lugha na maisha ya watu wake. Katika safari yote hiyo hesabu ya kodi haikupanda sana. Kilichopanda ni ustadi wa kinachofanyika ndani ya kodi.

Wala hili halikuletwa na gitaa. Obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye sauti nzito inayovuma kifuani, kina nyuzi nane na hakina freti. Kila uzi una noti yake moja, basi. Mpigaji hana mahali pa kwenda kutafuta noti ya tisa. Anachofanya ni kushika mzunguko mfupi na kuurudia, akiugeuza kidogo kidogo: leo uzi mmoja unachelewa, safari ijayo unapigwa mara mbili, safari nyingine unaachwa kimya na msikilizaji anaujaza mwenyewe. Wasikilizaji hawachoki. Ningependa kila anayejifunza gitaa Kisii amsikilize mpiga obokano kwa makini kabla hajaomba kodi ya nne, kwa sababu obokano hufundisha jambo ambalo vitabu vya kodi havina nafasi ya kulifundisha, nalo ni kwamba urudiaji wenye mabadiliko madogo ni utunzi.

Mpangilio nao hubeba mengi. Benga nyingi huzunguka do, fa, so, do, au hukaa do muda mrefu kisha kuzipitia hizo mbili haraka. Sebene, ile sehemu ya kucheza ya rumba ya Kongo, mara nyingi huenda do, fa, so, fa, kisha do tena. Tofauti inaonekana ndogo, lakini isikilize. Katika mzunguko wa kwanza so inavuta kwa nguvu kwenda do, kwa kuwa ti iliyo ndani yake iko nusu hatua tu chini ya do. Wimbo unafika, unatua, unaanza upya. Katika wa pili, so inarudi fa, na fa inaingia do polepole. Hakuna kutua. Gurudumu linaendelea, wachezaji hawapati pa kusimamia, na ndivyo sebene inavyotakiwa iwe. Ukiwa na wimbo wa hadithi, wenye beti zinazofikia mwisho, chagua wa kwanza. Kwa sehemu ya kucheza chagua wa pili. Unaweza pia kuanza ubeti kwenye fa badala ya do. Msikilizaji atahisi amekuta mazungumzo yakiendelea.

Kuhusu wakati nitasema machache, maana hili hujifunzwa mwilini. Kodi si lazima ibadilike pigo la kwanza linapoanguka. Ibadilishe nusu pigo kabla, na wimbo unaegemea mbele; wapigaji wa benga na rumba hufanya hivyo daima. Icheleweshe, na wimbo unapumua. Hilo peke yake linatosha kazi ya wiki nzima.

Sasa tufike kwenye kodi mpya, kwa sababu sizipingi. Kanuni ya kuzichagua inatokana na hesabu ileile ya noti zinazoshirikiwa: kodi mbili zinazoshiriki noti mbili kati ya tatu zinaweza kupeana nafasi. Kodi ya la inashiriki do na mi na kodi ya do, na pia la na do na kodi ya fa, kwa hiyo inaweza kusimama badala ya yoyote kati ya hizo. Kodi ya re, yaani re, fa, la, inasimama badala ya fa. Kodi ya mi, yaani mi, so, ti, inaweza kusimama badala ya do au ya so. Zote tatu ni kodi ndogo (minor), zenye huzuni kiasi. Ukiiingiza moja mahali ambapo sikio linaingoja do, wimbo mchangamfu hufikiri kidogo kabla ya kuendelea. Ingiza moja tu katika ubeti mzima. Ukizijaza zote, ule mshangao unakufa.

Na usibadilishe kabla ya kuangalia mwimbaji amesimama wapi. Tuseme mstari unaishia kwenye do, nawe ukaweka kodi ya mi chini yake. Kodi hiyo ina ti, na ti iko nusu hatua kutoka do. Zitagombana, na mwimbaji atadhani ni yeye aliyepotea. Lakini mstari ukiishia mi au so, kodi hiyohiyo itakaa vizuri.

Hapa kwa Abagusii kuna sababu ya ziada ya kuulinda mstari wa mwimbaji. Ekegusii ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, na nyimba za lugha hii hufuata kwa kiasi kikubwa jinsi neno linavyosemwa. Mpangaji muziki anayeshawishi mwimbaji apandishe noti ili ilingane na kodi yake ya kifahari anaweza kulipotosha neno lenyewe, na wazee waliokaa mbele wakabaki wakiulizana limesemwa nini. Kwa hiyo mabadiliko yaende chini ya wimbo: kwenye besi, kwenye mpangilio, kwenye wakati, kwenye umbo la kodi. Wimbo wenyewe uache ulivyotamkwa. Naona makosa ya aina hii zaidi katika nyimba za injili zilizorekodiwa kwa kinanda cha kompyuta, ambako kodi hupangwa kwanza na maneno ya Ekegusii kulazimishwa juu yake baadaye, na inaniuma, kwa kuwa waimbaji wenyewe ni hodari.

Mkiwa wawili wenye magitaa, kuna njia nyingine ambayo haihitaji kodi mpya. Mmoja apige C, F na G kwenye maumbo yake ya kawaida. Mwenzake afunge kapo, yaani kibanio cha nyuzi, freti ya tano. Asipokuwa na kapo, penseli ngumu na kipande cha mpira wa baiskeli kinachovutwa kwa nguvu vinatosha. Juu ya kapo hiyo apige maumbo ya G, C na D. Umbo la G sasa linalia C, la C linalia F, na la D linalia G. Mnapiga kodi zilezile, lakini noti za kila kodi zimepangwa kwa namna mbili tofauti, moja chini na moja juu, na nafasi iliyo katikati imebaki wazi kwa ajili ya sauti ya mtu. Aliye chini atembeze besi kama nilivyoeleza. Aliye juu asipige kodi nzima. Achague nyuzi mbili au tatu, atunge mzunguko mfupi, aurudie, na kila baada ya mizunguko michache ageuze noti moja tu. Mkifika ubeti wa tatu, badilishaneni kazi bila kuondoa kapo: wa juu ashuke kwenye besi zake, wa chini apande kwenye nyuzi nyembamba. Mwimbaji hataambiwa chochote, lakini ataimba tofauti.