Nani Atauimba Wimbo wa Kijana Wetu?

Miaka michache iliyopita, wiki tatu kabla ya Pasaka, kijana wa miaka 17 alikuja kwenye mazoezi ya kwaya yetu akiwa na daftari la shule. Ndani yake alikuwa ameandika wimbo aliotunga mwenyewe, sauti zote nne, kwa nota za sol-fa. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya. Tulilipokea daftari, tukalipitisha mkono kwa mkono, kisha tukamwambia, "Vizuri sana mwanetu, lakini Pasaka imekaribia. Tuimbe kwanza zile tunazozijua." Alilifunga daftari lake, akatushukuru, akarudi kukaa na wenzake wa besi.

Pasaka ilipita, na hakuna aliyemwuliza tena. Baada ya miezi kadhaa mama yake alikuja kupima presha katika zahanati ninakofanya kazi. Nilipokuwa nikimfungua kitambaa cha mashine mkononi, aliniambia kwa upole, "Sista, yule mtoto siku hizi haandiki tena." Presha yake ilikuwa ya kawaida. Nadhani yangu ndiyo iliyopanda.

Mpenzi msomaji, huenda nawe unaye kijana wa namna hiyo nyumbani: anatunga nyimbo, anachora, au anaandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za kikundi kimoja cha wanamuziki wa Marekani. Binti yangu ndiye aliyenisikilizisha muziki wao kwenye simu yake, nami nikatafuta kuwajua zaidi. Walinifundisha jambo ambalo kamati yetu ya kwaya haikulijua.

WATU WANNE, SAUTI NNE

Kikundi hicho kinaitwa Kronos Quartet, na makao yake ni mji wa San Francisco. Kina watu wanne tu. Wawili hupiga fidla, mmoja hupiga viola, ambayo ni kama fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na wa nne hupiga selo, ile inayosimamishwa chini katikati ya magoti. Ukitaka kuwaelewa, fikiria kwaya ya soprano, alto, teno na besi, ila kila sauti ina mtu mmoja. Hakuna pa kujificha. Ukikosea, kanisa zima limesikia.

Muziki wa kundi la namna hii umeandikwa kwa zaidi ya miaka 200, na watunzi wakubwa kama Haydn, Mozart na Beethoven waliuandikia kazi nyingi. Kwa hiyo wapigaji wanaweza kuishi maisha yao yote kwa kupiga kazi za watu waliokwisha kufa, na wengi hufanya hivyo. Si vibaya. Hata sisi tunazipenda tenzi za zamani. Lakini Kronos walichagua njia nyingine: kuomba watunzi walio hai wawaandikie muziki mpya, kisha wao waupige.

Habari ilianza mwaka 1973 katika mji wa Seattle. Kijana mpiga fidla aitwaye David Harrington, mwenye miaka 23, alisikia redioni usiku kazi ya mtunzi George Crumb iitwayo Black Angels, iliyotungwa wakati wa vita vya Vietnam. Ilimshika moyo, na mwaka huohuo akaanzisha kikundi. Hakuwa na fedha. Alimwomba mwalimu wake, Ken Benshoof, awatungie kazi mpya, na malipo yakawa mfuko wa donati, yale maandazi yenye tundu katikati. Tangu mfuko ule wa maandazi, Kronos wameagiza kazi mpya zaidi ya 1,000.

NJIA YA MSALABA KUTOKA UGANDA

Wala hawakuishia kwao. Mwaka 1992 walitoa albamu iitwayo Pieces of Africa, ambayo kazi zake zote zilitungwa na wana wa bara letu. Kuna kazi ya Dumisani Maraire wa Zimbabwe iitwayo Mai Nozipo, yaani Mama Nozipo. Maana huko nako mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, kama sisi. Kuna pia kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyoitunga mwaka 1988 kwa kufuata muziki wa Kiganda. Aliiita kwa Kiganda Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Kronos waliingiza sehemu yake ya kwanza katika albamu hiyo. Hivyo jirani yetu wa Uganda akasikika katika nyumba za Wamarekani ambao labda hawajui Kampala iko wapi.

CHINI YA MIAKA 30

Mwaka 2003 Kronos walitimiza miaka 30. Wengine wangefanya karamu ya kujisifu. Wao walianzisha mpango wa kuagiza kazi kutoka kwa watunzi wasiofikisha miaka 30, watu ambao umri wao ulikuwa mdogo kuliko wa kikundi chenyewe.

Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa binti, Alexandra du Bois, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka ule vita vya Iraq vilikuwa vimeanza, naye akaipa kazi yake jina refu la Kilatini lenye maana kwamba jicho kwa jicho huupofusha ulimwengu wote. Miaka kadhaa baadaye aliitwa binti mwingine, Mary Kouyoumdjian, mwenye asili ya Armenia, ambaye familia yake ilikimbia vita vya Lebanon. Alikusanya masimulizi ya jamaa na marafiki walioviona vita hivyo, akayaunganisha na nyuzi za Kronos na sauti za mabomu yenyewe. Kazi hiyo, Bombs of Beirut, ilitoka mwaka 2014. Angalia vijana wanavyobeba mambo mazito mioyoni, wakati sisi tunadhani wanawaza nguo na simu tu.

Liko jambo moja linalonigusa kama mama. Mwaka 1995, siku ya Pasaka, Harrington alifiwa na mwanawe wa miaka 16, aliyeanguka ghafula akiwa matembezini mlimani na familia yake. Rafiki yao mtunzi Terry Riley aliandika kazi ya maombolezo, Requiem for Adam, na baba akaipiga fidla yake katika maombolezo ya mwanawe. Siwezi kusema yaliyomo moyoni mwa mtu. Ninachoona ni kwamba mzazi huyu aliendelea kuwafungulia mlango watoto wa wengine.

NOTA BILA MALIPO

Mwaka 2015 walianza mpango mwingine: kazi 50 mpya za kuwafundishia vijana wapigaji. Watunzi nusu yao ni wanawake, na miongoni mwao yumo Angélique Kidjo wa Benin. Nota zake hutolewa bure kwenye intaneti pamoja na sauti za Kronos wakizipiga, ili kijana yeyote mwenye fidla ajifunze. Na mwaka 2024, wanakikundi wawili waliokuwa wamepiga kwa zaidi ya miaka 45 walistaafu, nafasi zao zikachukuliwa na wanawake wawili.

SINDANO YA KWANZA

Sasa niseme kama muuguzi. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kusoma kitabu mpaka akikariri, lakini hajui kuchoma sindano mpaka achome. Na ili achome sindano ya kwanza, lazima awepo mtu anayekubali kuchomwa, na sista mzoefu anayesimama kando yake. Mtunzi naye ni hivyo hivyo. Wimbo ulio kwenye daftari bado haujamfundisha kitu. Atajifunza siku watu watakapoupiga au kuuimba, asikie mwenyewe palipo pazuri na palipovunjika. Kronos ni watu wazima waliokubali kuchomwa sindano ya kwanza, mara nyingi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, mtoto akikuletea alichotunga, usiseme "vizuri" halafu ukageukia sufuria. Kaa chini, umwombe akuimbie hadi mwisho. Mwulize sehemu iliyompa shida. Usimdanganye kwamba haina kasoro, wala usimcheke mbele ya wenzake. Na kama una sauti katika kamati ya kwaya, omba wimbo mmoja wa kijana ufundishwe kila baada ya miezi michache, hata kama hautaimbwa siku kuu.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, nikamwomba daftari. Alisitasita, kisha akalitoa chini ya godoro. Tulifanya mazoezi wiki tano. Jumapili tuliyouimba, besi walipotea katika ubeti wa pili, na soprano tuliishiwa pumzi, kwa sababu alikuwa ameandika mstari mrefu kupita kiasi. Nilimtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametoa kalamu mfukoni, anasahihisha.

Wiki iliyofuata alikuja na wimbo mwingine. Mistari yake ilikuwa mifupi.