Teke la Bastola Kubwa: Utangulizi

Elimu unayoingia hapa inahusu tukio linalomalizika haraka kuliko kupepesa jicho: rivolva ya kaliba kubwa inapofyatuliwa, kichwa cha risasi kinakwenda mbele, na bastola inamrudia aliyeishika. Wapiga shabaha huuita mrudio huo teke, na jina hilo ndilo nitakalotumia. Swali la elimu hii ni moja tu: binadamu wa kawaida, mwenye mifupa na mishipa kama yako na yangu, anawezaje kulipokea teke hilo mara kwa mara bila kuumia na bila kukosa shabaha?

Huhitaji kumiliki silaha ili ufuate yatakayosemwa. Wengi wetu hatutaishika bastola hata siku moja, na sheria za Tanzania na Kenya hazimruhusu raia kuwa nayo bila kibali na uchunguzi. Hilo halipunguzi utamu wa somo. Ndani yake kuna fizikia ya kidato cha pili, kuna ufundi wa chuma, na kuna habari ndefu ya mfumo wa fahamu ambayo ndiyo iliyonivuta mimi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu haikwepeki. Newton aliichapisha sheria yake ya tatu, kwamba kila msukumo huleta msukumo sawa wa kurudi, mwaka 1687, na karne iliyofuata wapimaji wakaanza kuitumia kwenye mizinga na bunduki. Mwingereza Benjamin Robins alieleza mwaka 1742 namna ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga kwenye bembea nzito na kutazama bembea imeyumba kiasi gani. Benjamin Thompson, ambaye baadaye alijulikana kama Count Rumford, akageuza jambo: aliining'iniza bunduki yenyewe, akapima inavyorudi nyuma. Karne ya ishirini, afisa wa jeshi la Marekani aliyeitwa Julian Hatcher akayakusanya mahesabu hayo katika kitabu chake maarufu cha 1947, na mpaka leo mtu akitaka kujua teke la silaha fulani huanzia kwa Hatcher.

Chukua rivolva ya .44 Magnum. Kichwa cha risasi kina gramu 15.5 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 430 kwa sekunde. Baruti, kama gramu moja na nusu, nayo hugeuka gesi inayochomoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo, na wengi husahau kuihesabu ingawa mchango wake unafikia kama robo ya ule wa risasi. Zidisha uzito wa kila kimoja kwa kasi yake, jumlisha vyote viwili, gawa kwa uzito wa bastola, yaani kilo 1.35 hivi, utapata kwamba kama isingeshikwa ingerudi nyuma kwa mita 6 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 25 au zaidi kidogo. Bastola ya kawaida ya milimita 9 ya askari haifiki jouli 10. Rivolva ya .500 Magnum, pamoja na uzito wake wa kilo 2, inakaribia jouli 70.

Kutokana na hesabu hiyo linakuja jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipendi. Ukipunguza uzito wa bastola nusu kwa nusu huku risasi ikibaki ileile, nishati ya teke huongezeka mara mbili. Smith & Wesson wametengeneza .44 Magnum ya aloi nyepesi yenye gramu kama 710, kwa ajili ya watu wanaotembea milimani na wanaohofia dubu. Kuibeba ni raha. Kuifyatua ni adhabu, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Mashindano ya kuongeza nguvu ya bastola ni ya Kimarekani tangu mwanzo. Mwaka 1935 ilitoka .357 Magnum. Wakati huohuo, huko Idaho, mfugaji na mwandishi Elmer Keith alikuwa akijaza baruti nyingi kuliko kawaida kwenye maganda ya .44 Special, risasi ya mwaka 1907, na kuandika magazetini kwamba viwanda vimelala. Viwanda viliamka mwaka 1955, Remington wakitengeneza risasi na Smith & Wesson wakitengeneza bastola, na .44 Magnum ikazaliwa. Filamu ya Dirty Harry ya 1971 ikaifanya ijulikane hata na watu wasiojua bastola inafunguliwa wapi. Fundi wa bastola Dick Casull hakuridhika, na rivolva ya .454 inayobeba jina lake ilianza kuuzwa mwaka 1983 kutoka kiwanda cha Freedom Arms, katika kijiji kinachoitwa Freedom, jimboni Wyoming. Mwaka 2003 ikaja .500, na shinikizo ndani ya chemba yake linakaribia mara elfu nne ya lile la hewa tunayovuta. Kila hatua iliongeza nguvu. Mkono wa binadamu ulibaki uleule.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo mlango wa somo zima. Kichwa cha risasi hukaa ndani ya mtutu wa sentimita 16 kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo bastola ya .44 inakuwa imerudi nyuma milimita 2 hivi, basi. Teke unalolisikia kiganjani, mtutu unaoruka juu kiasi cha kutazama mawingu, vyote hivyo vinatokea wakati risasi imekwisha ondoka na haiwezi kurudishwa.

Si kwamba hizo milimita 2 hazina athari. Mtutu uko juu ya mkono, kwa hiyo bastola hairudi moja kwa moja bali huzunguka, na mzunguko huo huanza risasi ingali ndani. Watengenezaji wanalijua hilo. Tazama rivolva yoyote kubwa kutoka ubavuni utaona kilengeo cha mbele ni kirefu. Maana yake, vilengeo vinaponyooka kwenye shabaha, mtutu wenyewe umeinama chini kidogo, ukisubiri kunyanyuliwa. Ndiyo sababu pia risasi nzito iendayo taratibu hupiga juu zaidi kuliko nyepesi yenye kasi, kinyume na mtu anavyotarajia: imechelewa kutoka, mtutu ukapata nafasi ya kupanda. Mshiko ukiwa uleule kila mara, mwinuko huo nao huwa uleule, na vilengeo vimeshautolea hesabu.

Kwa hiyo teke halikoseshi shabaha. Kinachokosesha ni kile anachokifanya mpigaji kabla ya teke, kwa kuliogopa.

Mwili una akili yake. Ukijua kwamba kitu kitakusukuma, misuli hujiandaa kabla hujaiamuru. Ndivyo tunavyosimama kwenye daladala inayotaka kufunga breki. Bastola ikishakupiga mara chache, ubongo hujifunza saa ya pigo, na kidole kinapokaribia mwisho wa safari yake kifundo cha mkono hushuka, bega husogea mbele, macho hufumba. Risasi inaingia chini ya bango. Mpigaji huapa kwamba bastola ndiyo mbovu, na anasema kweli kadiri anavyojua, maana hakuona chochote: alikuwa amefumba macho, na mlio na mruko wa mtutu vimefunika ushahidi.

Hapo rivolva ina fadhila ambayo bastola ya magazini haina. Mwalimu huchukua silinda ya chemba sita, huweka risasi hai tatu na maganda matupu matatu bila mpangilio, huizungusha na kumkabidhi mwanafunzi. Nyundo ikiangukia ganda tupu, hakuna mlio wala moshi wa kuficha kitu, na kila aliye karibu anaona mtutu ukichovya chini. Mwanafunzi mwenyewe anaona. Sijui kipimo kingine cha hofu kilicho rahisi na kisichopendelea kama hiki. Tena kipimo ni dawa pia: baada ya duru kadhaa ubongo, usiojua chemba ipi imejaa, huacha kutabiri. Mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila risasi kabisa, silaha ikiwa imekaguliwa mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine, hukamilisha kazi hiyo bila gharama.

Mlio nao usidharauliwe. Mtu anayefyatua .44 kwa mara ya kwanza husema teke ni kubwa mno, lakini sehemu kubwa ya alichokiogopa ni kelele na mwako. Mzibe masikio mara mbili, vizibo ndani na vikinga juu yake, na mara nyingi ataishika bastola ileile kwa utulivu ambao hakuwa nao dakika tano nyuma. Kinga hiyo ingefaa hata kama isingesaidia shabaha, kwani masikio yakiharibiwa na mlio hayaponi.

Kuhusu mikono nitasema machache, kwa kuwa hili hufundishwa uwanjani mbele ya mwalimu na si kitabuni. Mkono ushike juu kadiri mpini unavyoruhusu, ili mtutu usiwe mbali na mkono na mzunguko upungue. Mfupa wa kigasha uwe nyuma ya bastola, usipinde kando, maana msukumo usiopitia mfupa hupitia kiungo cha dole gumba, na kiungo hicho hakisahau. Mkono wa pili uzunguke wa kwanza na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kubana. Viwiko vikunjwe kidogo, mwili uelemee mbele, kisha bastola iachwe ipande na kushuka. Anayejaribu kuizuia isipande kabisa anashindana na jouli zile tulizozihesabu, naye atashindwa. Kazi yake ni kuufanya msukumo uchukue muda mrefu zaidi na uenee mahali papana zaidi. Mpini mpana wa mpira hufanya yote mawili. Mpini mwembamba wa mbao unaong'aa hupendeza kabatini.

Umbo la mpini lina historia yake. Colt ya 1873 ina mpini uliopinda ambao huteleza kiganjani na kuzunguka, na mpigaji wake huuacha uzunguke makusudi. Mpini wa Bisley wa miaka ya 1890, uliopewa jina la uwanja wa shabaha wa Uingereza, umenyooka na kupanda juu zaidi nyuma ya mkono, hivyo husukuma nyuma kuliko kuzunguka. Kwa .44 kuna wanaopenda wa kwanza. Kwa risasi zenye nguvu zaidi ya hiyo, mimi nasimama na Bisley.

Onyo moja halina mjadala. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na kila risasi inapotoka, gesi ya moto na chembe za risasi hutoka ubavuni kupitia hapo. Aliyezoea bastola ya magazini hunyoosha vidole gumba mbele. Kwenye rivolva kubwa kidole kikifika karibu na mwanya huo kinaweza kukatwa vibaya. Vidole vyote vibaki nyuma ya silinda, daima.

Teke huzipiga hata risasi zisizofyatuliwa. Risasi zilizobaki kwenye chemba nyingine huvutwa nyuma pamoja na bastola, lakini vichwa vyake vizito hutaka kubaki vilipokuwa. Kama ganda halikubanwa sawasawa, kichwa hujitokeza kidogo kidogo mpaka kikazuia silinda isizunguke. Bastola nyepesi ndizo zenye ugonjwa huu zaidi, yaani zilezile zinazonunuliwa kwa ajili ya dubu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza kama nguvu yote hii inahitajika. Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao kwa bunduki za kaliba ndogo kama milimita 7, wakati wenzake wakivunja mabega kwa mitutu minene. Tunavyowatazama tembo leo, sifa hiyo haisomwi kwa furaha. Lakini hoja yake ya kiufundi haijapinduliwa: silaha isiyokutisha huipeleka risasi unapotaka, na mahali risasi inapoingia ni muhimu kuliko ukubwa wake. Watetezi wa rivolva za .500 hujibu kwamba mtutu mfupi hauwezi kutoa kasi ya bunduki, ndiyo maana wanahitaji risasi nzito. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila halimsaidii mtu anayefumba macho kila anapovuta.

Anayetaka kuingia kwa vitendo, kwa kibali na chini ya mwalimu, ana ngazi iliyonyooka. Aanze na .22. Kisha achukue rivolva ya .357 lakini aijaze .38 Special, risasi ya 1898 inayoingia chemba hiyohiyo na kupiga kwa upole. Akihamia .44, ajaze .44 Special kabla ya Magnum. Risasi kali ziwe chache kwa siku, silinda mbili au tatu, na aache mara tu kipimo cha maganda matupu kinapoonyesha mtutu unachovya, kwa sababu kila risasi baada ya hapo inamfundisha kuogopa.

Na ikitokea siku umekabidhiwa .500, dai iwekwe risasi moja tu kwenye silinda, hata kama mwenyeji wako atacheka. Teke lake linaweza kuufanya mkono ukaze ghafla na kidole kuvuta tena bila kukusudia, wakati mtutu umeelekea juu au nyuma kuelekea kichwa chako. Chemba nne zilizobaki ziwe tupu.