Butembo: Kompyuta mpya, diski inakatika katikati ya kukopi. Kosa liko wapi?

Ilikuwa saa nne za usiku, siku mbili kisha harusi, katika studio ndogo ya video ya komini ya Kimemi, mjini Butembo. Mwenye studio alikuwa anakopi video za harusi hiyo, giga 180, kutoka kompyuta yake mpya kwenda kwenye diski ya nje. Mstari wa kijani ulipofika asilimia 38, ukasimama. Mlio mdogo ukasikika, ule wa kitu kilichochomolewa, na hakuna mtu aliyekuwa amegusa kamba. Diski ikapotea kwenye kioo. Sekunde chache baadaye ikarudi, lakini kopi ilikuwa imekufa.

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu diski ilirudi na ujumbe wa Kifaransa: ili kuitumia, ilipaswa kwanza kuifanyia « formater ». Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Hakubonyeza, na leo anashukuru. Ndani ya diski hiyo hiyo kulikuwa harusi za miaka mitatu. Moja ilikuwa na dakika sita za nyanya wa bwana harusi akibariki maarusi. Nyanya huyo amekwisha kufariki, na familia ilikuwa imeomba picha hizo kwa ajili ya matanga. Hakukuwa na kopi nyingine popote.

Habari kama hiyo inafahamika kwa wengi wanaoishi kwa kazi ya kompyuta. Mashine za kununua zikiwa tayari ni ghali, kwa hiyo studio, sekretaria na saiba nyingi zinapendelea inite santrali ya kuunganishwa: kisanduku kinanunuliwa huku, ubao mkuu unatoka Kampala kwa njia ya Kasindi, RAM inapatikana kwa butiki nyingine. Mashine inawaka, programu zinafunguka, kila mtu anafurahi. Kisha diski ya nje inaanza kukatika, na neno la kwanza linalotamkwa ni kwamba diski imekufa. Wengi wanaitupa au wanaifuta na kuanza upya. Kumbe mara nyingi mgonjwa ni mashine mpya.

Kwanza okoa, kisha tafuta

Fundi aliyeitwa asubuhi hakugusa kompyuta mpya hata kidogo. Alichukua diski, akaichomeka kwenye kompyuta ya zamani ya mkononi ambayo mwenye studio alikuwa ameiacha kwa watoto. Diski ikafunguka, mafaili yote yakaonekana. Kazi ya kwanza ikawa kuhamisha dakika sita za nyanya, kisha harusi nyingine, mpaka kumbukumbu ya mashine hiyo ikajaa.

Mpango huo una sababu. Diski inayokatika inaweza kuwa nzima, lakini pia inaweza kuwa inaelekea kufa, na kila saa ya majaribio inaipunguzia maisha. Hata kazi ya kurekebisha makosa inayofanywa na Windows, ile inayoitwa chkdsk, inaandika juu ya diski. Kwa diski iliyo dhaifu inaweza kumalizia kilichobaki. Kwa hiyo mafaili yasiyo na kopi yanatoka kwanza.

Baada ya hapo fundi alisoma hali ya diski yenyewe kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Diski nyingi zinajiandikia historia ya afya yao: masaa zilizofanya kazi, joto, na idadi ya sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na nyingine. Kama idadi hiyo inapanda kila wiki, hakuna cha kusubiri, diski nyingine inunuliwe. Kwa diski ya studio hiyo ilikuwa sifuri. Fundi akamwambia mwenye studio kwamba sasa wanaweza kugeukia kompyuta.

Tundu la mbele na kamba

Kanuni aliyoifuata ni rahisi kusema na ngumu kushika: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, kisha endelea na kingine. Mtu anayebadilisha kamba, tundu na programu kwa pamoja anaweza kupona bila kujua dawa, na ugonjwa ukirudi anaanza tena mwanzo.

Kamba ilibadilishwa kwanza. Diski iliendelea kukatika. Kisha ikatolewa kwenye tundu la mbele la kisanduku na kuchomekwa nyuma. Giga 40 za kwanza zikapita bila shida.

Matundu ya nyuma yameshonwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Yale ya mbele yanafika kwenye ubao kwa kamba ya ndani, yenye kichwa kipana chenye vijidundu vingi vyembamba. Aliyeunganisha mashine akikisukuma nusu, au akikunja kijidundu kimoja, flashi ndogo itafanya kazi lakini diski itayumba. Kisanduku kilipofunguliwa, kichwa hicho kilikuwa kimeingia upande mmoja tu.

Nguvu pia inahesabiwa. Tundu la USB 2 linapaswa kutoa miliampea 500, na lile la USB 3, ambalo mara nyingi ni la bluu, miliampea 900. Diski ndogo ya inchi 2,5 haina umeme wake, inakula kutoka tundu hilo, na inapoanza kuzunguka inahitaji zaidi kuliko inapotulia. Kamba ndefu na nyembamba, au kigawanyo cha matundu manne kisicho na chaja yake, vinapunguza kile kinachofika. Diski ikikosa nguvu kwa nusu sekunde, kwa kompyuta ni kama mtu ameichomoa. Diski kubwa za inchi 3,5 zina chaja yao, na kwa hizo chaja ndiyo ya kuangalia.

Tundu linaamua mwendo pia. Kwenye USB 2 kopi inapita kwa megabaiti 30 au 40 kwa sekunde, na giga 180 zinachukua karibu saa moja na nusu. Kwenye USB 3 diski hiyo hiyo inaweza kufika megabaiti 100 na zaidi, kazi ikaisha kwa nusu saa. Katika mji ambapo umeme hauna ahadi, saa moja iliyookolewa ni kitu kikubwa.

Prizi na umeme

Fundi aligundua jambo lingine alipogusa kisanduku kwa mkono mtupu: umeme mdogo wa kuwasha vidole. Kamba ya mashine ilitoka Uganda pamoja na vipande vingine, na kichwa chake kina miguu mitatu ya bapa. Prizi za huku ni za matundu mawili ya mviringo. Kati yao kuna adaptatera ya bei ndogo, ambayo inapitisha nyaya mbili na kuuacha wa tatu, ule wa ardhi.

Bila waya wa ardhi, umeme mdogo unaochujwa na alimantasio ya kompyuta hauna pa kwenda, unabaki kwenye chuma cha kisanduku. Si lazima uikate diski. Ila vifaa vya USB havipendi mazingira hayo, na siku ya radi au ya kurudi kwa umeme kwa nguvu, mashine haina njia ya kujitetea. Onduleri nzuri inasaidia umeme ukikatika ghafla, lakini haichukui nafasi ya waya wa ardhi. Hiyo ni kazi ya fundi umeme wa nyumba, na inafaa ifanywe kabla ya kununua kifaa kingine.

Ndani ya Windows, na ndani ya ubao

Usiku uliofuata, diski ikiwa nyuma, ilipotea tena mara moja, mwenye studio akiwa amelala na mashine ikiwa haifanyi kitu. Safari hii jibu lilikuwa kwenye daftari la Windows lenyewe, linaloitwa « Observateur d'événements ». Tukio namba 157 linamaanisha diski imeondoka ghafla, na namba 153 kwamba ombi la kusoma au kuandika lilibidi lirudiwe. Saa zilizoandikwa hapo zinaonyesha kama diski inapotea wakati wa kazi au wakati wa kupumzika.

Inapopotea wakati wa kupumzika, mara nyingi ni Windows inayoilaza ili kubana umeme. Katika « Options d'alimentation » kuna mstari unaoitwa « suspension sélective USB ». Fundi aliuzima, na diski haikupotea tena usiku.

Kwa mashine ya kuunganishwa kuna hatua moja zaidi: programu za ubao mkuu. Mwaka 2021 kampuni ya AMD ilikubali hadharani kwamba baadhi ya mashine zenye prosesa zake za Ryzen zilikuwa zinapoteza vifaa vya USB mara kwa mara, na katika mwaka huo huo dawa ilitoka kwa njia ya BIOS mpya. Ubao uliokaa muda mrefu kwenye duka unaweza kuwa bado na BIOS ya zamani. Inapatikana bure kwenye ukurasa wa aliyetengeneza ubao. Lakini tahadhari: umeme ukikatika wakati BIOS inaandikwa, ubao unaweza kufa kabisa. Kazi hiyo inafanywa juu ya onduleri yenye betri nzima, au inaachwa.

Kopi imemalizika, lakini si sawa

Siku ya tatu giga 180 zilipita mpaka mwisho bila kukatika. Mwenye studio alitaka kufuta kadi za kamera, kwa sababu Jumamosi alikuwa na harusi nyingine. Fundi alimwomba avumilie.

Kwanza alitaka kujua kama kilichofika ni kile kilichotoka. Windows ina chombo cha kupima hilo. Mtu anafungua dirisha jeusi la amri, anaandika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mashine inajibu kwa mstari mrefu wa herufi na namba. Faili ya mwanzo na kopi yake zikiwa sawa kabisa, mistari yao inakuwa sawa. Herufi moja ikitofautiana, kopi imeharibika.

Mafaili mawili hayakulingana. Moja lilipofunguliwa, uso wa bibi harusi ulifunikwa na miraba ya kijani kwa sekunde kadhaa.

Hapo ndipo kosa la pili lilipoonekana, na halikuwa na uhusiano na USB. Kila kinachokopiwa kinapita kwanza kwenye RAM. Mashine ilikuwa na vipande viwili vya RAM, giga nane kila kimoja, vilivyonunuliwa sehemu mbili. Programu ya MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows, iliachwa ifanye kazi usiku mzima. Asubuhi kioo kilikuwa na mistari myekundu. Wakati mwingine inatosha kuirudisha RAM kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya BIOS, kama aliyeunganisha aliipandisha. Safari hii haikutosha. Kipande kimoja kilitolewa, jaribio likarudiwa, na mistari myekundu haikuonekana tena.

Si kila kusimama ni ugonjwa

Yapo makosa yanayofanana na haya na si ya mashine. Diski au flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 inakataa faili moja inayofika giga nne, hata ikiwa tupu. Kwa video, mfumo wa exFAT au NTFS unafaa zaidi, na NTFS inavumilia zaidi kuchomolewa ghafla. Baadhi ya diski za kisasa zinaanza kwa mwendo wa haraka, kisha zinapunguza sana kopi ikirefuka. Hiyo ni tabia yao, mtu asiichomoe kwa hasira.

Na ipo bidhaa ya uongo. Flashi iliyoandikwa tera mbili kwa bei ya chai inaweza kuwa na giga 32 za kweli. Inapokea kila kitu bila kulalamika, kisha mafaili ya mwisho hayafunguki. Programu ya H2testw inaijaza mpaka mwisho na kusoma tena kilichoandikwa. Jaribio hilo lifanywe siku ya kununua, wakati muuzaji bado anakumbuka uso wa mnunuzi, na kabla ya kuweka kitu cha maana ndani.

Jumamosi mwenye studio alienda kwenye harusi na kadi aliyoazima kwa mwenzake, kwa kuwa zake zilikuwa bado na video ambazo hazijahakikishwa. Mashine yake inafanya kazi na giga nane badala ya 16, polepole kidogo, akisubiri butiki imbadilishie kipande kibovu. Diski aliyotaka kuitupa bado iko mezani, na karibu yake iko ya pili yenye kopi zile zile, ambayo kila jioni inapelekwa nyumbani.

Familia ilipata dakika zake sita kabla ya matanga. Zilitoka kwenye ile kompyuta ya watoto.