Mparachichi na Mbuzi Wako

Ndugu wakulima wa Karatu, leo tunazungumza juu ya mparachichi, mti unaopenda ubaridi wa miinuko kama ya Rhotia na Oldeani. Kule bondeni Mang'ola joto ni kali, tuwaachie vitunguu vyao. Na ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo haya yote ni ya upande wetu wa nje.

Mche uwe wa kubebesha. Mche wa mbegu utakuweka miaka mingi, na matunda yake hayatafanana na ya mama yake. Wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Chimba shimo la sentimeta 60 kila upande, udongo wa juu uchanganye na debe mbili za samadi iliyooza, upande masika yakianza. Mahali panapotuama maji usipande kabisa, maana mizizi huoza na mti mzima hufa. Pale ulipobebeshwa pasifunikwe na udongo, na machipukizi ya chini yake yaondoe.

Ukipanda Hass, tia na Fuerte michache. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga, kisha kesho yake mchana hufunguka likiwa dume. Fuerte hufanya kinyume chake. Basi nyuki ndio wanaowakutanisha, na mizinga karibu na shamba ni faida mara mbili.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Kiangazi kikifika majani ya malisho yamekwisha, mifugo inalia zizini, na mparachichi bado umesimama pale kijani kibichi. Mtoto anakata tawi, anawatupia mbuzi. Usikubali! Majani ya mparachichi yana sumu. Mbuzi au ng'ombe anayenyonyesha huvimba kiwele, maziwa yakapungua au yakakauka, na akila mengi moyo huharibika na anaweza kufa. Sungura na kuku nao wamo hatarini, na maganda na kokwa pia si chakula chao. Ukipogoa, matawi yapeleke mbali na zizi, tena uwaambie watoto na mchungaji, siyo kujua peke yako tu.

Jambo la pili ni kuchuma. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, likalainika baada ya kuchumwa. Mnunuzi akija mapema na fedha mkononi, akasema chuma tu yote, kwanza pasua tunda moja. Kama ngozi ya kokwa bado ni nyeupe na nene, tunda ni changa. Litasinyaa badala ya kuiva, na safari ijayo mnunuzi huyo huyo atakuja na bei ya chini kwa sababu ya mzigo ule. Ngozi ikiwa nyembamba na ya kahawia, haya, chuma. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, wala usitikise mti, maana tunda lililoanguka huoza kwa ndani.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Ponda moja laini, mpe mtoto aliyeanza kula; lina mafuta mengi mazuri. Kwa miche bora muulize bwana shamba wako, au kituo cha utafiti cha TARI Tengeru, huko Arusha.